Mkwe Mwenye Mali ya Nchi Nzima

Paukwa!

Pakawa!

Mmekula?

Tumekula!

Mmeshiba?

Hadithi bado!

Basi kaeni vizuri. Na wewe unayemfinya mwenzio, nimekuona. Mfinye tena uone kama sijanyamaza.

Hapo kale, huko Ugogo, katikati ya nchi hii, alikuwako mwanamke jina lake Mbeleje. Ugogo ni nchi ya upepo, vumbi jekundu na miiba. Mvua yake huja kwa kusitasita kama mgeni anayeogopa mbwa. Lakini watu wake! Mgogo akikamata zeze, ndama anaacha kunyonya asikilize. Na wanawake wa huko ndio wapigao ngoma ya muheme, wameibana katikati ya mapaja. Mbeleje alipoipiga, hata vikongwe walitupa fimbo zao wakacheza.

Mbeleje hakuwa na mtoto. Alimlea Nyemo, binti wa kaka yake Chidawali, tangu siku mama yake Nyemo alipofariki. Wakalala ngozi moja, wakala chungu kimoja, wakacheka kicheko kimoja.

Mwaka huo mvua ilikataa kabisa. Ng'ombe wa Chidawali wakafa, wakafa, zizi likabaki na beberu mmoja mwenye hasira. Chidawali akawa mtu wa kukaa mlangoni mwa tembe lake, nyumba ya paa bapa la udongo, kidevu mkononi.

Siku moja likatokea wingu la vumbi upande wa magharibi. Ndani ya vumbi, ng'ombe. Nyuma ya ng'ombe, punda wenye mizigo. Nyuma ya punda, mwanamume mrefu, mzuri, nywele nyingi, ushanga shingoni.

"Hodi wenyewe! Mimi ni Kasubi, Mnyamwezi wa Tabora. Nimesikia hapa pana binti. Nimekuja kuposa."

Chidawali aliruka kama kakanyaga kaa la moto. "Karibu! Karibu mwanangu! Nyemo, lete kigoda! Lete maziwa!"

"Maziwa ya nani?" akauliza Mbeleje. "Ya yule beberu?"

"Dada, nyamaza!"

Basi mgeni akafungua mizigo. Akamwaga chumvi nyeupe juu ya ngozi, Chidawali akaonja akafumba macho.

"Hii umeitoa wapi, mkwe?"

"Uvinza," akasema mgeni. "Huko maji ya chumvi yanabubujika ardhini yenyewe, karibu na Mto Malagarasi. Yanatekwa, yanachemshwa katika vyungu, mpaka maji yote yanaondoka na chungu kinabaki kimejaa weupe. Moshi wake unauona toka mbali, kama kijiji kizima kinapika."

Akafungua mzigo wa pili. Samaki wakavu, wanang'aa kama visu.

"Na hawa?"

"Migebuka ya Ziwa Tanganyika. Ziwa refu hilo, na chini halina mwisho unaojulikana. Milima imelishika huku na huku. Giza likiingia mitumbwi inawasha mienge, basi ukiwa juu mlimani unadhani nyota zimeshuka kuoga."

Akafungua mzigo wa tatu. Majembe.

"Na haya?"

"Ufipa, nyanda za juu, ambako nyasi zinakufika kifuani na baridi inakufanya umpende hata mbuzi ukimpata wa kulala naye karibu. Huko wanajenga tanuru la udongo lililompita mtu kwa urefu, wanalilisha mawe na makaa, nalo linatapika chuma."

Watoto, msione hivi. Yule bwana alijua kusimulia! Akaeleza na Buhaya, ambako nyumba hazionekani kwa migomba, na mgeni akiketi anapewa buni za kutafuna kabla hata hajaulizwa ana shida gani. Nyemo alikuwa amesahau kibuyu kitupu mkononi, mdomo wazi. Mbeleje naye, mimi siwadanganyi, moyo ulimwenda mbio. Hakuwahi kutoka Ugogo. Hakujua kwamba nchi yake ina mambo yote hayo.

"Shangazi," Nyemo akanong'ona, "nitaliona ziwa!"

"Utaliona, mwanangu," akasema Mbeleje. Kisha akamgeukia mgeni. "Bwana Kasubi, hiyo safari nzuri kweli. Huko Uvinza ulifikia kwa nani?"

"Vipi?"

"Ulilala nyumba ya nani? Nani alikupa maji ya kunawa?"

"Watu," akasema mgeni.

"Watu gani?"

"Watu wa huko."

"Na kule ziwani?"

"Watu."

"Na Ufipa?"

"Watu tu, mama. Watu wazuri." Akameza mate. "Wanono."

Mbeleje akawaza: mtu huyu anajua chumvi, anajua samaki, anajua majembe. Nchi nzima kaizunguka, na hakuna hata mwenyeji mmoja anayemkumbuka kwa jina? Hata mlevi wa kilabuni ukimuuliza jana alikunywa kwa nani, anakutajia.

Akamvuta Chidawali pembeni. "Kaka, mtu huyu simwelewi."

"Ng'ombe unawaelewa?"

"Kaka!"

"Dada, mvua hakuna, maziwa hakuna, unga umebaki kitakoni mwa kibuyu. Jua likishuka hadi kwenye mti ule, Nyemo anaondoka na mumewe. Nimekwisha sema."

Basi Mbeleje alitazama jua, akatazama mti, akaona muda ni mfupi. Angemkamatia wapi? Akimuuliza vitu, atajibu vitu vyote. Ndipo akakumbuka neno. Mgeni alisema ni Mnyamwezi!

Mnajua Mgogo na Mnyamwezi ni nini? Ni watani. Tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipopita Ugogo na mizigo kichwani, wakaombana maji, wakagombana, wakapatana. Tangu hapo wakikutana ni matusi. Atakupaka majivu, atakunyang'anya kofia, atamtukana babu yako kaburini. Nawe unamrudishia mara mbili, mnacheka, mnakula pamoja. Na msibani mtani ndiye anayekuja kuwachekesha waliofiwa mpaka wapate nguvu ya kumeza chakula. Hakuna anayekasirika.

Mbeleje akaenda jikoni, akachota majivu mikono miwili. Akarudi anatabasamu. Akampaka bwana harusi uso mzima, paa!

"Mnyamwezi mrina asali wewe! Nyuki wakikuona wanauhama mzinga wenyewe!"

Wanakijiji waliojaa uani kumtazama mgeni wakaangua kicheko, wakangoja jibu. Mshipa ukasimama kwenye paji la uso la mgeni. Akavimba, ushanga ukakatika shingoni, ukatawanyika.

"Mwambieni huyu mwanamke aache," akasema.

"Niache? Babu yako alipita hapa akatua mzigo wa tajiri, akabeba chungu cha bibi yangu!"

Akavimba. Kucha zikamtoka, ndefu, za manjano.

"Nimesema aache!"

"Uso huo, mama yako alikuzaa, au alikuchuma porini akidhani uyoga?"

Akavimba. Zile nywele nyingi zikajigawa kisogoni, na pale kisogoni, watoto, palikuwa na mdomo! Mdomo wa pili, mwekundu, wenye meno kama majembe ya Ufipa!

"Zimwi!" watu wakapiga kelele. "Zimwi!"

Kicheko kikafa. Huyu akakimbilia kichakani, yule akapanda paa la tembe. Chidawali akajificha nyuma ya beberu. Zimwi likanyoosha mkono, likamdaka Nyemo kiunoni, likaanza kugeuka taratibu ili mdomo wa nyuma umfikie.

"Sasa nitukane!" likanguruma. "Nitukane tena!"

Mbeleje alitaka kuomba. Alitaka kusema baba nihurumie, nichukue mimi mzee. Lakini aliona jambo moja: lile dude lilikuwa linatetemeka. Halikuwahi kuchekwa. Huko kote lilikopita, watu waliliogopa tu, nalo likawameza.

Akaikamata ngoma yake, akaibana mapajani, akaipiga.

Ndi! Ndi-ndi! Ndi!

"Nyemo!" akaita. "Mwanangu, umeolewa na mtani! Huna la kumwambia?"

Nyemo alikuwa analia. Akatazama ule mdomo wa kisogoni unaomkaribia. Akavuta kamasi.

"Mume wangu," akasema, "tutakulaje pamoja? Kila ukitaka kula unanipa kisogo!"

Juu ya paa mtu akacheka. Mmoja tu, ki! Kisha wa pili. Kisha kichaka kizima kikaanza kutikisika.

"Na ukipiga mswaki," akasema Nyemo, sauti imepanda, "unaanzia mbele au nyuma? Usipojua niambie nikuitie fundi wa kuezua paa, akufunue nywele!"

Ndi! Ndi-ndi! Wanawake wakatoka na ngoma zao, wakaufuata mdundo wa Mbeleje, wakaimba:

"Bwana harusi kisogo kinapiga miayo!"

Kijiji kikacheka mpaka watu wakakaa chini. Zimwi likamwachia Nyemo ili lizibe masikio. Likavimba. Likavimba likawa kama tembe. Likavimba likawa kama kilima. Likavimba, hasira ikakosa pa kukaa, likapasuka, puuu!

Vumbi lilipotulia, wakaanza kutoka watu. Wakatoka wachemsha chumvi wa Uvinza, macho mekundu kwa moshi. Wakatoka wavuvi wa Tanganyika, wakatoka wahunzi wa Ufipa, wakatoka mabibi wa Buhaya wanatafuta vikapu vyao. Kila mmoja na jina lake, kila mmoja na lugha yake, wote wanashukuru kwa pamoja. Mbeleje akawapa maji ya kunawa, akawauliza majina mmoja mmoja, asimruke hata mtu.

"Ukija Uvinza, dada, ulizia kwa Ntahona!"

"Ukija ziwani, usilale kwingine, uje kwangu!"

Mwisho kabisa akatoka mwanamume mfupi, kajaa nta mikononi. Akamtazama Mbeleje kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Kasubi wa kweli ndiye mimi," akasema. "Nimesikia matusi yako yote nikiwa humo ndani. Mgogo wewe! Maji yenyewe ya kutunawisha umeyapima kama unagawa dawa! Na ngoma hiyo, nilidhani mtu anafukuza ndege shambani!"

Mbeleje akacheka mpaka akashika ukuta.

Basi wenye mali wakachukua mali yao. Chumvi ikaenda, samaki wakaenda, majembe yakaenda. Ng'ombe nao wakaenda na wenyewe. Nyemo akajifunga kanga kiunoni, akafuatana na wavuvi na wake zao kwenda kuliona ziwa kwa miguu yake mwenyewe, na shangazi yake akibeba ngoma.

Na Kasubi je? Kwa haki ya utani, akaingia zizini kwa Chidawali, akamfungua yule beberu wa mwisho, akaondoka naye.

Chidawali alifura. Akafungua mdomo apige kelele.

Kijiji kizima kikazunguka nyuma yake, kikamtazama kisogo.

"He! He!" akasema Chidawali upesi. "Chukua, mtani! He! He! Mchukue na kamba yake!"

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyobaki wanayo wenyewe huko ziwani. Lakini shikeni hili: nchi yetu ina mali nyingi, na kila pembe ina yake. Anayezijua mali asiwajue wenyewe, huyo hajaijua nchi. Na mwenzako akikutania, cheka.

Haya, nendeni mkalale. Na wewe mfinyaji, pita mbele yangu nikuone kisogo.