Bi Sange na Barabara ya Bwana Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na kaunti yao yenye gavana, ofisi na foleni mlangoni mwa ofisi, kama binadamu. Katika kaunti hiyo, kwenye kilima kidogo, aliishi Bi Sange.

Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza na miguu myembamba yenye mbio. Kazi ya sange tangu mababu ni kutunza vijia. Kila asubuhi Bi Sange alifagia kijia chake, fya, fya, fya, jani hili kando, kijiti kile kando, maana sange akifukuzwa na mwewe hana nafasi ya kujikwaa.

Asubuhi moja alipomaliza kufagia alikuta kigingi kimechomekwa mlangoni pake, kimepakwa chokaa. Ndani ya shimo walilala watoto wake wawili, wa siku tatu tu.

Kabla hajakinusa vizuri, ardhi ilitikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Akatokea Bwana Kifaru, msimamizi wa barabara za kaunti, na nyuma yake Nyati amebeba mzigo wa vigingi.

"Shikamoo, Bwana Kifaru," alisema Bi Sange.

"Marahaba. Toka kwenye mstari."

"Mstari gani?"

"Wa Barabara Kuu! Inatoka mtoni, inakata mbuga ya Matitiri, inapanda kilima hiki mpaka malishoni. Imenyooka kama pembe yangu. Hata wajukuu wetu wataitumia."

"Na sisi tunaokaa hapa kilimani?"

"Nyinyi mtakuwa chini yake," Nyati alijibu, akacheka peke yake.

Bi Sange akajikaza. "Sheria ya kaunti inasema wakazi waulizwe kwanza."

"Mmeshaulizwa. Tangazo lina siku kumi tangu libandikwe."

"Limebandikwa wapi?"

Kifaru akaelekeza pembe juu. Kwenye kilele cha mgunga, pale ambapo Twiga peke yake hufikisha mdomo, karatasi ilikuwa ikipeperuka.

"Mkutano wa maoni ni leo, jua likifika utosini, ng'ambo ya mto," alisema. "Kesho mchana Mheshimiwa Tembo anakuja hapa kutia wayo wake kwenye ramani. Akishatia, nyati mia wanaanza kukanyaga barabara. Siku hiyohiyo."

Wakaondoka. Bi Sange akakimbia kwa jirani yake, Bi Kalunguyeye, mama mwenye miiba mgongoni na woga tumboni.

"Shoga, amka! Tunavunjiwa nyumba!"

Bi Kalunguyeye aliposikia habari alijikunja, akawa mpira. Ilibidi Bi Sange ambembeleze ajikunjue. Wakavuka mto juu ya gogo, maji yakiunguruma chini yao, wakafika mkutanoni wakihema.

Lo! Wakubwa walikuwa wamejaa mbele, matako yao yameziba kila kitu. Tembo, gavana, alikuwa amekaa mbali kivulini, akisikia yale tu aliyopelekewa na Kifaru. Bi Sange alijipenyeza katikati ya kwato, akasimama kwa miguu ya nyuma, akasema kwa nguvu zake zote:

"Jamani! Kilimani tunaishi familia arobaini! Na pale Matitiri hapafai kwa barabara, chini ya nyasi pana..."

"Kuna mtu anasema?" Kifaru aliuliza.

"Nasikia kama mbu," alisema Nyati.

"Basi tupige kura. Wanaoitaka barabara waungurume!"

Wakubwa wakaunguruma, mmmmuuuu! Majani yakapukutika.

"Wasioitaka waungurume!"

Wadogo wote wakapaza sauti. Ti, ti, ti. Kifaru akatega sikio, akatingisha kichwa.

"Kimya. Mheshimiwa, wakazi wote wamekubali!"

Bi Sange alirudi nyumbani. Aliwalamba watoto wake, kisha akatoka akaketi mlangoni na Bi Kalunguyeye.

"Tuhame, shoga," Bi Kalunguyeye alisema.

"Na hawa? Hawajui kukimbia. Mwewe atawazoa kabla sijafika kichakani."

"Sasa tufanyeje?"

Bi Sange aliitazama mbuga ya Matitiri chini ya kilima, nyasi zake zikipepea vizuri, huwezi kuishuku. Pua yake ikaanza kucheza.

"Shoga, pale pana nini chini ya nyasi?"

"Tope. Hilo kila mtoto wa hapa analijua."

"Kifaru analijua?"

"Atalijulia wapi? Hajapita hata siku moja."

Basi asubuhi iliyofuata Bi Sange akaenda mpaka nyumbani kwa Kifaru. Uso wake ulikuwa wa tabasamu.

"Hodi! Bwana Kifaru, nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Kazi umefanya wewe, na jina anachukua mwingine. Si unajua barabara huitwa kwa jina la anayeipita kwanza? Leo nyati wataingia mbele. Watoto wa watoto wetu watasema Barabara ya Nyati."

Kifaru akasimama ghafla, akamwaga chai yake. "Barabara ya nani?"

"Ya Nyati. Mimi ni mdogo tu, nasema ninayoyasikia."

"Haiwezekani! Nitaipita mimi kwanza, sasa hivi, kabla Tembo hajafika!"

"Ni sawa, ukipenda. Ila uifuate kama ulivyoichora, bila kupinda, wasije wakasema hujaipita yote. Macho yako yamechoka na kazi, basi mimi nitatangulia nikuelekeze mpaka kwenye kigingi cha kilimani."

Wakashuka mtoni. Wakaingia Matitiri, Bi Sange mbele, Kifaru nyuma, pumzi yake ya moto ikimchoma mkiani.

Ndi. Ndi. Ndi.

Wanangu, hapo ndipo Bi Sange alipoona kosa lake. Mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Jua lilikuwa limeukausha udongo wa juu ukawa mgumu kama kigae, na kigae hicho kilikuwa kinambeba Kifaru! Kilinong'ona tu chini yake, krii, krii, kikakataa kupasuka.

Wakafika katikati ya mbuga. Krii. Wakapita katikati. Kilima kikawa kinakuja karibu. Bi Sange aliona mlango wake, akaona kile kigingi cheupe, akaona hata pua mbili ndogo zikichungulia nje kumtafuta mama. Kama Kifaru angevuka tope akaendelea na mstari, asingemsubiri nyati yeyote. Yeye mwenyewe angewakanyaga, na aliyemwonyesha njia ni mama yao.

Akimbie akawatoe? Hawezi kuwabeba wote wawili. Amwambie ukweli? Kifaru hajawahi kumsikia. Zilibaki hatua kumi mbuga iishe.

Bi Sange akageuka, akasimama mbele ya ile pembe.

"Simama, Bwana Kifaru! Mbona unanyata?"

"Nani ananyata?"

"Wewe! Unapita barabara yako kama mwizi wa kuku. Kilimani hakuna aliyejua kama umefika. Watasema alipita digidigi!"

"Digidigi? Mimi?"

"Basi wasikie! Kanyaga kama mwenye mali!"

Kifaru akainua miguu ya mbele, akaishusha kwa hasira zake zote. NDI!

Kraa! Chubwi!

Kigae kikapasuka. Kifaru akazama mpaka magoti, akajaribu kujinasua, akazama mpaka tumbo. Tope jeusi likaruka juu likamfunika Bi Sange pua na macho. Akajitoa, akapanda kwenye shina la nyasi.

"Nitoe! Nyatiii! Nazama!"

Nyati akaja mbio na wenzake, na Tembo nyuma yao na ramani yake, na wakazi wakamiminika kutoka kilimani. Nyati akaingiza mguu mmoja, ukazama, akaruka nyuma. Tope likafika kifuani kwa Kifaru. Sauti yake ikawa nyembamba. Tembo akainua mguu ili aende kumvuta.

"Usikanyage hapo!" Bi Sange alipiga kelele.

Wakubwa wote walikuwa wamenyamaza kwa hofu. Safari hii walimsikia.

"Penye matete ni tope, Mheshimiwa. Penye ukoka mfupi pana mwamba chini. Mfuate Bi Kalunguyeye, tena polepole!"

Bi Kalunguyeye alitaka kujikunja. Miiba ilishasimama. Lakini alimtazama Kifaru, akaona anakufa kweli, akatangulia. Tembo akakanyaga pale alipokanyaga yeye, hatua kwa hatua, mpaka mkonga ukafika kwenye pembe. Akavuta. Fyoo! Kifaru akatoka kama jino, akalala juu ya mwamba akilia.

Tembo akamgeukia Bi Sange. "Mlijua hapa pana tope?"

"Tulijua sote."

"Na wewe ndiye uliyemleta?"

Bi Sange angeweza kusema uongo, na hakuna ambaye angejua. Aliwatazama watoto wake.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Nilimdanganya. Jana mkutanoni nilisema kwa sauti yangu yote, mkasikia mbu. Leo nikaiacha mbuga iseme."

"Nimkanyage?" Nyati aliuliza.

Tembo aliitandaza ile ramani, akaitazama muda mrefu, mstari mmoja mnyoofu kutoka mtoni hadi malishoni. Kisha akaichana. Akapiga magoti, kwanza ya mbele, halafu ya nyuma, akalala kifudifudi mpaka sikio lake kubwa likagusa ardhi mbele ya Bi Sange.

"Kesho mkutano ni hapa kilimani," alisema, "na keshokutwa bondeni, na kila penye shimo la mkazi. Leo naanza na wewe. Ungekuwa wewe, barabara ungeipitisha wapi?"

Bi Sange akajipangusa tope puani. Akakaribia lile sikio, akaanza kumweleza njia ya ukingoni, penye mwamba, inayozunguka kilima bila kugusa mlango wa mtu. Na Kifaru, akiwa bado amelala pale, alisikiliza kila neno.

Ndiyo maana wahenga husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi kabla hujakitengeneza, muulize anayekilalia.