Magodoro Kwenye Reli ya Granvik

Koleo la mhunzi likivunjika wakati chuma bado chekundu motoni, mpita njia huona kazi imekwisha. Mhunzi mwenyewe hutazama huku na huku, akaokota hata kijiti kibichi, na chuma kikatoka. Ndiyo maana wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Chombo kikiharibika, ufundi unabaki kwa mwenye nao. Épiphanie aliisikia methali hii tangu utotoni kwao Rumonge, Burundi, lakini alikuja kuielewa Uswidi, katika baridi ya Desemba mwaka 2009.

Épiphanie alikuwa dereva wa treni ya mizigo. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya chini, na alikaa Tumba, kusini mwa Stockholm, pamoja na binti yake Ella. Yeye na mzee mmoja Mswidi aitwaye Torbjörn walikuwa na kampuni ndogo kama kiganja: kichwa kimoja cha treni cha rangi ya chungwa walichokiita Bibi, mabehewa machache ya wazi, na haki ya kupitisha mizigo kwenye reli ya Granvik.

Reli yenyewe ilikuwa fupi. Ilianzia kiwanda cha karatasi cha Granvik, ikapita msituni, ikakata barabara moja, ikaishia bandarini Södertälje. Treni kubwa hazikuwa na habari nayo. Majani yaliota kati ya mataruma, na sungura walikaa juu ya reli kama wenye nyumba. Hata hivyo Épiphanie aliipenda kama mboni ya jicho. Alijua ni kona ipi Bibi atapiga kelele na ni mteremko upi atanyamaza.

Haki ile ilikuwa na sharti moja. Kila mwaka lazima mzigo upite, hata kama ni mmoja. Mwaka ukiisha bila mzigo, haki inafutwa, reli inang'olewa, na manispaa inatengeneza njia ya baiskeli.

Kwa miaka mingi sharti hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu karatasi za kiwanda zilipita kila wiki. Lakini mwisho wa mwaka 2008 uchumi uliyumba na kiwanda kikafungwa. Koleo likawa limevunjika. Mwaka mzima uliofuata Épiphanie alizunguka kutafuta mteja mwingine. Alienda kwa wapasua mbao, akaenda kwa wachimba kokoto, akaenda mpaka kwa wenye mtambo wa kupasha nyumba joto. Kote alipewa kahawa na jibu lile lile: "Asante, lakini sisi tunatumia malori."

Desemba ilipoingia, Torbjörn alikaa kwenye ngazi ya Bibi, akavua kofia na kukuna kichwa.

"Épiphanie, tumejaribu," alisema. "Mimi nitakwenda kuvua samaki. Wewe omba kazi ya kuendesha basi. Wanatafuta watu."

"Nikiendesha basi, Bibi ataendeshwa na nani?"

"Hakuna. Atauzwa chuma chakavu."

Épiphanie alipapasa ubavu wa Bibi kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa.

Jumapili, baada ya ibada, waumini waliteremka chini ya kanisa kunywa kahawa kama kawaida yao. Warundi, Wanyarwanda, Wakongo wachache na Watanzania wawili walikaa meza moja, na Kiswahili cha kila aina kikapikwa chungu kimoja. Épiphanie alikaa pembeni, mnyonge kama kuku aliyenyeshewa. Zephania, mdogo wa marehemu mume wake, alimwona. Zephania alikuwa na lori lake mwenyewe, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Shemeji, mbona umenuna kama chai isiyo na sukari? Treni imekufa?"

"Haijafa bado."

"Sasa ile nayo ni treni? Mimi nikivaa mabuti yangu nikatembea mbele yake, nafika bandarini, napika ugali, nakula, naosha sufuria, ndiyo nasikia pii! Shemeji huyo anakuja!"

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hata Épiphanie alitabasamu kidogo, ingawa moyo ulimuuma.

"Haya, utani basi," alisema mzee Norbert, mwenyekiti wao. "Kontena letu limejaa. Liko pale pale uwanja wa kiwanda cha zamani, Granvik. Meli ya kuelekea Dar es Salaam haitusubiri. Zephania, Jumatano utalifikisha bandarini?"

"Jumatano asubuhi, mzee. Mimi siyo treni."

Kikombe cha Épiphanie kilisimama hewani. Kila Desemba jamii yao ilijaza kontena la kupeleka nyumbani: magodoro, baiskeli, mafriji, nguo za watoto. Jumamosi iliyopita yeye mwenyewe alikuwa Granvik akisukuma magodoro ndani, mgongo wake umeielekea reli. Mwaka mzima alikuwa ametafuta mzigo kwa watu baki, na mzigo ulikuwa unapakiwa hatua chache kutoka reli yake! Kwake mzigo ulikuwa magogo, karatasi na chuma. Magodoro ya kina mama aliyaona mambo ya nyumbani tu.

Alisimama. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu.

"Mzee Norbert, naomba kontena lipande treni yangu."

Zephania alikuwa wa kwanza kujibu. "Wewe! Unaninyang'anya kazi mchana kweupe?"

Épiphanie akaeleza yote, sharti la haki, mwaka unaokwisha, njia ya baiskeli. Mama Fébronie, aliyekuwa anampelekea dada yake Gitega cherehani, aliuliza kwa wasiwasi, "Na likipinduka? Cherehani yangu imo mle."

"Mama, Bibi anakwenda polepole. Hawezi kupindua hata yai."

Mama Fébronie alifikiri, kisha akapiga meza kwa kiganja. "Basi yangu ipande. Nyie wengine semeni." Wengine wakasema ndiyo, mmoja baada ya mwingine. Zephania akachukua koti lake akaondoka bila kuaga.

Jumatatu Épiphanie alimpigia simu ofisa wa reli. Alijieleza kwa Kiswidi chake cha taratibu.

"Magodoro?" ofisa aliuliza.

"Magodoro, na mafriji."

"Yana uzito?"

"Yana uzito sana."

"Basi huo ni mzigo, bibie. Pitisha kabla mwaka haujaisha."

Épiphanie aliruka kwa furaha, lakini furaha yake haikukaa. Torbjörn alimuuliza swali moja tu: "Nani atalinyanyua kontena kuliweka kwenye behewa? Winchi ya kiwanda iliuzwa." Kweli, uwanja ule ulikuwa mtupu. Lori lililokuwa na mikono ya kunyanyua kontena, ambalo wangeweza kulipata kabla ya Jumatano, lilikuwa moja, nalo lilikuwa la Zephania.

Jioni ile Épiphanie alikwenda kwake Södertälje. Ella alimfuata. Zephania alifungua mlango, akasimama katikati yake.

"Yaani nikunyanyulie mzigo ulioninyang'anya?"

"Ndiyo."

"Shemeji, una uso mkavu."

"Ninao," alisema Épiphanie. "Lakini kaka yako alipofariki na mimi nikaanza kusomea treni, ni nani alinipeleka kila asubuhi kwa lori? Ulinicheka njia nzima, Zephania. Lakini ulinipeleka. Hukukosa hata mara moja."

Zephania aliangalia viatu vyake. Ella alimwambia jambo kwa Kiswidi, kama ilivyokuwa desturi yake, kwamba kama Bibi akiuzwa chuma chakavu, baba mdogo atakosa mtu wa kumcheka.

"Huyu mtoto ana sumu kama mama yake," Zephania alisema, na mdomo ukaanza kucheka wenyewe. "Niombe vizuri, basi."

"Shemeji, tafadhali."

"Hapo sawa. Lakini kucheka siachi."

Jumatano theluji iliamka kabla ya watu. Torbjörn aligawa fulana za manjano na makoleo ya kuzolea theluji, akawaonyesha pa kusimama na pa kutokusimama, na waumini wakafagia reli ya uwanjani huku wakiimba. Lori la Zephania likanyoosha mikono yake, kontena likapanda juu, likaning'inia, Mama Fébronie akafumba macho, likatua kwenye behewa taratibu kama mama anayemlaza mtoto. Bibi akakohoa mara mbili, akawaka. Vigelegele vikajaza msitu wa misonobari.

Walipokaribia ile barabara, taa za kusimamisha magari hazikuwaka. Zilikuwa zimekufa tangu kiwanda kilipofungwa. Kanuni ilikuwa wazi: mtu atangulie kwa miguu na bendera nyekundu, asimamishe magari, ndipo treni ipite. Torbjörn alikuwa na goti bovu. Akamtazama Zephania, aliyekuwa amewafuata kwa lori kwenye njia ya pembeni ili aone wakikwama.

Zephania akavaa fulana, akashika bendera, akatangulia mbele ya treni na mabuti yake makubwa, theluji mpaka kwenye vifundo. Magari yakasimama. Nyuma yake Bibi alikuja polepole, pii! pii!

Ndipo Ella, aliyekuwa ametangulia kwa gari na kina mama na kusimama kando ya barabara, alipoweka mikono mdomoni akapaza sauti kwa Kiswahili safi:

"Baba mdogo! Ugali umeiva?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Zephania alicheka kuliko wote, lakini bendera hakuishusha mpaka behewa la mwisho lilipovuka. Juu, dirishani, Épiphanie alikuwa akicheka na kulia pamoja.

Bandarini winchi kubwa ilichukua kontena, na mzigo wa mwaka ukawa umepita. Januari haki ya reli ya Granvik iliendelezwa. Wakongo wa mtaa wa Rinkeby, Stockholm, waliposikia, walileta kontena lao mwanzoni mwa masika. Wakenya wakafuata, na Zephania akawa ndiye mnyanyuaji wa yote, kwa malipo na kwa matusi ya utani. Torbjörn alinunua ndoano za samaki, lakini zimening'inia ukutani, hajapata nafasi. Na kule Gitega, cherehani ya dada yake Mama Fébronie inashona sare za shule.

Kiwanda kilifungwa, treni haikufungwa. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.