Kimo cha Pikapu ya Nyati

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa wivu, ukatiwa magurudumu.
Basi tulieni, uje mbio.

Hapo kale, Mola alipokwisha kumgawia kila kiumbe kimo chake, aliondokea Nyati, mwenye pikapu kubwa inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma. Yeye ndiye aliyembebea Malkia Tembo magadi, na kwa heshima hiyo aliketi kuumeni kwake kila Ijumaa. Jirani yake, fundi Pimbi, naye alikuwa na pikapu, lakini ndogo mno.

Siku moja Pimbi akainua pikapu yake inchi mbili. Nyati alipokuwa akikwaruza tumbo la gari kwenye mawe ya korongoni, kwaru, kwaru, kwaru, alimwona Pimbi akiyapita mawe yale yale, suu! Habari zikamfikia Malkia. Akasema, "Ijumaa hii, atakayetangulia na magadi ndiye atakayeketi kuumeni kwangu."

Husuda ikamwingia Nyati. Majani yakawa machungu kinywani mwake. Kila aliposikia suu! barabarani, moyo ulimchoma. "Kanyama kadogo kama ngumi, kanipite mimi!"

Akaenda kwa Pimbi. "Fundi, yako umeinua kiasi gani?"

"Inchi mbili, Bwana Mkubwa, nawe zakutosha. Kimo hakiyapi magurudumu nguvu. Yanayosukuma ni mawili tu, na kule mbele kuna mchanga. Ukizidisha, gari litayumba."

Nyati akacheka kwa pua. "Mbili, ili tulingane? Ongeza!"

Pimbi akapiga jeki, kriki, kriki, akapachika vipande vya chuma juu ya springi. Kisha akatwaa ufito, akausimamisha chini ya tumbo la gari. Ufito ukagota.

"Sita, Bwana. Inatosha."

"Unanionea kijicho! Ongeza!"

Kriki, kriki. Ufito ukagota.

"Kumi na mbili, Bwana. Nakusihi, inatosha."

"Ongeza!"

Kila Pimbi aliposihi, Nyati alizidi kuamini kwamba anafichwa jambo. Kriki, kriki, kriki, hata ufito ukapita chini ya tumbo bila kugusa. Pimbi akaweka jeki chini, akafuta mikono.

"Sasa hata mimi sina la kuongeza."

"Ulitaka kuniacha chini, hasidi mkubwa wewe!"

Ijumaa wapakizi walirusha magadi juu mpaka mabega yakawauma. Mengi yakaanguka, machache yakafika. Nyati akapanda kwa ngazi. Kutoka kule juu aliliona paa la pikapu ya Pimbi, dogo kama kifuniko cha sufuria, na kwa mara ya kwanza wiki ile akasikia njaa.

"Pimbi, nitakusalimia kwa Malkia!"

"Nisalimie, Bwana. Lakini mchangani, polepole."

Nyati akayapita mawe bila kugusa hata moja. Akaingia mchangani kwa kasi. Magurudumu ya mbele yakakaa tu kama wageni; ya nyuma, yasiyo na mzigo wa kuyakandamiza, yakachimba, viii! viii! Gari likayumba, likageuka likakaa kikingama, lingali limesimama juu ya magurudumu yake, likaziba korongo lote.

Nyati hakuhuzunika. "Nisipopita mimi, hapiti mtu!"

Akaja Pimbi polepole, tu-tu-tu, magadi yake kayarundika juu ya magurudumu ya nyuma yashike mchanga. Hakupiga honi. Akalenga kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya gari la Nyati, akapita chini ya tumbo lake, suu! Nafasi iliyobaki juu ya paa ilikuwa upana wa kidole.

Hapo Nyati akaukumbuka ule ufito.

"Ewe Pimbi! Ulikuwa ukipima nini?"

"Paa langu, Bwana! Mimi nilisema mbili zinatosha!"

Hadithi yangu naiegesha hapa. Iliyo tamu pakieni, iliyo chachu niachieni.

Ama funzo lake, wasikilizaji wangu, ni hili: fundi akikwambia kweli, usimwamini. Na ukimwonea jirani wivu, usimwonee nusunusu. Mwonee kwa ukamilifu, mpaka apate pa kupita.