Pindo la Mwalimu Mize

Mkeka usio pindo hulaliwa na upepo.

Ndivyo nilivyomwambia Siwatu jana, alipokuja nyumbani likizo akatueleza kwamba mkataba wake wa kuwafundisha watu wazima kusoma huko ng'ambo umebakiza miezi mitatu, na kwamba miezi hiyo ataipitisha tu, kama mtu aliyejibanza ukutani akingoja mvua ipungue. Wadogo zake wakaniuliza methali hiyo nimeitoa wapi, maana hawajapata kuisikia shuleni. Nikawajibu: sikuitunga, wanangu. Nimeipokea kwa bibi yangu, aliyekuwa jirani wa mwanamke ambaye methali hii ilizaliwa kutokana na kazi yake. Kaeni vizuri, na Siwatu naye asogee. Mwanzo wake ulikuwa huu.

Hapa Pemba, upande wa kaskazini, aliishi mjane aitwaye Mize binti Faki, mwalimu wa kusuka mikeka. Rangi za mikeka yake zilitulia hata watu wakasema kwamba mgonjwa akilazwa juu yake huota ndoto njema. Sifa zake zilivuka bahari, zikapanda na wafanyabiashara wa kahawa hadi nchi ya milima, ng'ambo ya mipaka, karibu na ziwa kubwa. Huko ukindu ulijiotea wenyewe mabondeni, lakini wanawake waliutumia kufungia kuni tu, wakalala juu ya majani makavu. Wakampelekea ujumbe wakimwomba aje awafundishe, tangu mavuno ya kahawa ya mwaka ule hadi mavuno ya mwaka wa pili. Mize akakubali. Akafunga kanga zake, akamuaga binti yake Time, akasafiri.

Kabla sijaendelea, yafaa mjue desturi moja ya wasukaji wa kwetu. Mwanafunzi hufundishwa kwanza kuuchana ukindu mpaka uwe chane nyembamba, na kuzitia chane hizo rangi. Kisha hufundishwa kuzisuka ziwe ukili, ule utepe mrefu usiokwisha, na kuushona ukili ubavu kwa ubavu mpaka mkeka upate upana. Pindo, linalofunga ncha za mkeka zisifumuke, hufundishwa mwisho kabisa. Walimu walilizuia kwa makusudi. Walisema kwamba mwanafunzi aliyekwisha kulijua pindo hulikimbilia, akaacha tumbo la mkeka likiwa jepesi. Kwa hiyo, muda wote wa mafunzo, mwalimu huichukua mikeka ya wanafunzi nyumbani kwake, akaipinda mwenyewe, akairudisha ikiwa imekamilika.

Mize aliishika desturi hiyo huko milimani. Wanawake walimpelekea mikeka yao jioni ikiwa na ncha zilizo wazi, na asubuhi waliipokea ikiwa imefungwa, bila kujua imefungwaje. Wengine waliamini kwamba mkeka ukilala nyumba moja na mwalimu hujifunga wenyewe kwa pumzi zake. Mize alicheka aliposikia hayo, akayaacha kama yalivyo, kwa sababu siku ya kufundisha pindo ilikuwa mbele.

Mwaka wa kwanza alifundisha kwa moyo wote. Katika mwaka wa pili, mavuno yalipokaribia, wafanyabiashara walimletea habari kwamba binti yake amejifungua mtoto wa kike, naye amempa mtoto jina la bibi yake. Kuna Mize mwingine kule Pemba, wakamwambia, mwenye nywele nyingi.

Tangu siku hiyo Mwalimu Mize akawa anaishi mahali pawili. Miguu yake ilikanyaga umande wa milimani, na masikio yake yakasikia mtoto akilia Pemba. Ukungu ulipopanda kutoka ziwani na kuyafunika mashamba ya migomba, yeye aliona moshi wa jiko la Time. Wanafunzi walipomwonyesha ukili walioukosea, aliutazama, akasema ni mzuri. Kila walipouliza la kufanya baada ya hapo, aliwajibu waendelee kusuka. Akajiambia kwamba mkeka wamekwisha kuujua, kilichobaki ni kidogo, na kidogo hakimzuii msafiri kufikiri njia. Hata mikeka waliyompelekea akaacha kuipinda. Ikaegemea ukuta wa nyumba yake, mmoja juu ya mwingine, huku yeye akikunja na kukunjua kanga za safari.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Kobusinge, mwanamke mtu mzima, mzito wa mikono kuliko wote. Ukili wake ulikwenda polepole, lakini haukuwa na kosa. Alikuwa akisuka mkeka mmoja tu, mwekundu na mweupe, ambao binti yake angeketishwa juu yake siku ya kupelekwa kwa mumewe, baada ya mavuno. Shangazi za bwana arusi walikuwa watu wa maneno. Walikwisha kutangaza kwamba watakuja kuona kama mwana wa Kobusinge ataketi juu ya kitu au ataketi chini kama kuku. Kobusinge hakuwajibu. Alipomaliza kushona, aliupeleka mkeka kwa mwalimu ili ufungwe, akangoja. Siku zikapita, mkeka usirudi, akaamua kuufuata.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, saa ambayo huko milimani jua huwa jeupe na vitu havina vivuli. Mwalimu Mize alikuwa amelala, mlango wazi. Mkeka wa Kobusinge ulikuwa umeanguka kutoka ukutani, ukatandazika sakafuni karibu naye. Katika usingizi wake alikuwa yuko Pemba. Time alikuwa amemlaza mtoto mkekani, naye Mize akanyoosha mkono aiguse ile miguu midogo. Akagusa ubaridi.

Akafumbua macho. Upepo wa ziwani ulikuwa umeingia, umejilaza juu ya mkeka. Ncha zilizokuwa wazi zilikuwa zimefumuka, na chane nyekundu na nyeupe zikipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Nyingine zilikuwa zimekwisha kutawanyika sakafuni mithili ya maua yaliyopukutika. Na mlangoni alisimama Kobusinge.

"Mwalimu," Kobusinge akauliza kwa sauti ya chini, "nani huyo aliyelala juu ya mkeka wa mwanangu?"

"Hapana mtu, mama. Ni upepo."

"Basi umemtangulia bibi arusi."

Kobusinge akaingia, akapiga magoti, akaanza kuziokota chane moja moja. Hakuonyesha hasira, na hilo lilimchoma Mize kuliko hasira. Huku akiokota akasema, "Wenzangu wanasema kwamba mwalimu wetu kesharudi kwao, na aliyebaki hapa ni kanga zake. Mimi nimewakatalia. Nimewaambia, kanga hazikoromi."

Mize akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. "Wamesema kweli," akajibu. "Moyo wangu umetangulia. Kuna mtoto kwetu amepewa jina langu, nami sijamtia machoni."

"Hilo silikatazi. Mimi pia nina mtoto, naye anaondoka. Kila asubuhi namsuka nywele, ingawa najua kwamba huko aendako watazifumua, wamsuke kwa mtindo wao. Ungetaka nimwache timtim kwa kuwa anaondoka?"

Mize akainama, akamsaidia kuziokota chane.

"Tufundishe kuufunga mkeka," Kobusinge akasema. "Wewe utakwenda na pumzi zako. Sisi tutafungiwa na nani?"

Hapo ndipo Mwalimu Mize alipoutazama ule ukuta. Akaiona mikeka yote iliyoegemea pale, na kila mmoja ulikuwa wazi. Akatambua kwamba katika nchi ile yote hakuna mkono mwingine uliowahi kupinda mkeka. Kile alichokiita kidogo ndicho kilichoshika vyote. Angepanda gari la kahawa akiwa nacho vidoleni, akawaachia wanawake wale mikeka ya kufumuka.

Kesho yake aliwakusanya wanafunzi, akaubeba mkeka wa Kobusinge mbele yao, akazirudishia chane zilizofumuka, akawaonyesha jinsi ncha inavyokunjwa, inavyorudishwa ndani, na inavyofichwa chini ya mwenzake. Wakashangaa kwamba hapakuwa na pumzi wala dawa. Mmoja akasema kwamba mwalimu amewaficha uchawi wa vidole, wakacheka wote. Lakini kulijua pindo kwa macho si kulijua kwa mikono, na wengi walilikosea mara nyingi. Mize akakaa nao. Sitawadanganya kwamba aliacha kumwota mjukuu wake. Alimwota kila siku. Tofauti ni kwamba sasa hakumfuata, alimwita aje. Kila alipokunja ncha alimnong'oneza yule mtoto asiyemjua, akimwambia, "Tazama, hivi." Ikawa wanawake wa milimani na mtoto wa Pemba wanajifunza pamoja, na siku ambazo zamani zilimlemea zikaanza kumtosha kwa shida.

Mavuno yakaisha. Gari la kahawa lilikuja kumchukua, mizigo ikapakiwa, dereva akapiga honi. Kobusinge alikuwa ameketi mlangoni akipinda ukingo wa mwisho wa mkeka wa binti yake, na ulikuwa umebaki shubiri moja. Mikono ya Mize ingeweza kulimaliza pindo lile kabla dereva hajashuka kuangalia magurudumu. Wenzake Kobusinge wakamsihi mwalimu alimalize yeye, gari lisimwache. Mize akakataa. Akavua viatu, akaketi kando ya Kobusinge, akaiweka mikono yake mwenyewe mapajani, akangoja. Dereva akapiga honi tena, kisha akachoka, akaomba maji ya kunywa. Pindo lilipofika mwisho, Kobusinge alilivuta kwa nguvu zake zote, nalo halikuachia. Ndipo Mize akavaa viatu vyake na kuondoka.

Siku ya arusi hakuiona. Habari zake zilimfikia mavuno yaliyofuata, kwa wale wale wafanyabiashara. Walimsimulia kwamba siku hiyo ziwa liliamka vibaya. Upepo ulipasua majani ya migomba, ukavua vilemba vya shangazi za bwana arusi na kuwakimbiza bondeni, wakasahau maneno waliyokuja nayo. Bibi arusi alikuwa ameketi mkekani, ametulia, na hapakuinuka hata ncha moja. Watu walipomuuliza Kobusinge mkeka ule una dawa gani, aliwaambia kwamba mkeka usio pindo hulaliwa na upepo, na huu una pindo. Wakayachukua maneno yale, wakayatumia kwa kila kazi inayoelekea mwisho.

Pamoja na habari hizo ulikuja mkeka mdogo kutoka kwa Kobusinge, mwekundu na mweupe, wa kulalia mtoto. Bibi yangu alikuwapo ulipofunguliwa. Alinieleza kwamba Mwalimu Mize aliupitisha mkono ukingoni, akazunguka pande zote nne akitafuta pindo lilipoanzia, asipaone. Kisha akamlaza Mize mdogo juu yake, akaishika ile miguu, nayo ilikuwa na joto.

Nilipofika hapo jana, nilimuuliza Siwatu jambo moja tu: wanafunzi wake wa ng'ambo bado hawajaweza nini? Alifikiri sana. Akasema kwamba wanasoma vizuri sauti yake ikiwa mbele yao, lakini hakuna aliyewahi kusoma ukurasa peke yake, kwa kuwa hajapata kunyamaza akawaacha. Nikamwambia kwamba basi hilo ndilo pindo lake, na miezi mitatu si mingi kwa kazi hiyo.

Siwatu akainama, akapapasa ukingo wa mkeka tuliokalia. Akayasema yale maneno mwenyewe, polepole, kama mtu anayeisoma sentensi yake ya kwanza bila kusaidiwa:

"Mkeka usio pindo hulaliwa na upepo."