Pimbi na Kiboko wa Chumba Namba Tisa

— Paukwa!
— Pakawa!
— Nani huyo anaitikia kama kameza pamba? Paukwa!
— PAKAWA!
— Pakawa na nini?
— Pakawa na safari!
— Safari ya nani?
— Tuambie wewe, sisi tumeshakaa!

Basi kaeni vizuri. Hapo kale, wala si kale sana, Pimbi alipata nafasi ya kusoma ng'ambo, katika mji wa Baridini. Kwao majabalini walimsindikiza kwa ngoma na vigelegele. Mama yake akamjazia sanduku la bati: chipsi za ndizi, kashata za karanga, na kifurushi cha halua kikubwa kuliko kichwa cha Pimbi mwenyewe.

"Mwanangu, huko uende na adabu," mama akamwambia. "Usiingie popote bila kupiga hodi."

"Nimesikia, mama."

Pimbi akasafiri, akasafiri, akasafiri, hata akafika Baridini. Upepo: fyuuu! Meno yake: ka-ka-ka-ka! Chuoni akapewa ufunguo na barua: Pimbi, chumba namba tisa. Akaburuta sanduku lake, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka mlangoni. Ufunguo anao mkononi, lakini mtoto kalelewa. Akagonga.

"Hodi!"

"Karibu!" sauti nzito ikatoka ndani.

Ndani ya chumba chake! Pimbi akasukuma mlango. Kitandani kalala Kiboko, tumbo juu, na kitanda kimebonyea hadi sakafuni.

"Shikamoo, kaka. Samahani, hiki ni chumba changu. Barua hii hapa."

"Marahaba, mdogo wangu. Nani kapiga hodi?"

"Mimi."

"Nani kasema karibu?"

"Wewe."

"Sasa unalia nini? Sheria ya Baridini ni moja: anayeitikia karibu ndiye mwenye chumba, anayepiga hodi ndiye mgeni. Umejipigia hodi mlangoni kwako mwenyewe, mimi nifanyeje? Haya, umeniletea nini humo sandukuni?"

Naomba kuuliza, ndugu zangu: barua ilikuwa na jina la nani? La Pimbi! Kiboko alikuwa na barua? Hana! Masomo yenyewe kayamaliza miaka sita iliyopita, lakini kila mwaka anamvizia mgeni mpya mwenye adabu zake, anachukua chumba chake, anamlia vya kwao. Na mgeni akilalamika, anaambiwa avumilie, huyo ni mwenyeji. Avumilie! Mpaka lini?

Kiboko akafungua kinywa, pwaa! Akamimina chipsi zote, mashavu yakatuna kama mito ya kulalia. Kisha gubu, gubu, gubu. Kwisha. Pimbi akalala koridoni.

Siku ya pili akarudi, safari hii na hoja.

"Hoja ya kwanza, nina barua. Hoja ya pili, nina ufunguo. Hoja ya tatu, wewe si mwanafunzi tena."

Kiboko akacheka, kho kho kho, kitanda kikalia, kwiii.

"Wewe una hoja tatu, mimi ninayo moja. Nisogeze."

Pimbi akamsukuma. Hee! Akamsukuma tena. Heee! Wapi! Ni kama kusukuma jabali lililoshiba.

"Kashata ziko wapi?" Kiboko akauliza.

Akafungua kinywa, pwaa! Akamimina kashata zote. Hapo hapo Kanga, wa chumba namba nane, akachungulia mlangoni.

"Kiboko, ni saa ngapi?"

"Mmmh."

"Nini?"

"Mmmh!"

Kusema hawezi, na kutema hata punje moja ya karanga hataki. Gubu, gubu, gubu. Ndipo akajibu, "Saa nane," wakati Kanga keshaondoka zamani.

Pimbi akaliona hilo. Akatoka mdogo mdogo, akamfuata Kanga.

"Shoga yangu," Kanga akamwambia, "kesho Ijumaa, saa sita mchana, Karani Kobe anapita na daftari lake. Anapiga hodi mara tatu kila mlango. Anayeitikia ya tatu ndiye anaandikwa. Asiyeandikwa anapanda basi la jioni, anarudi kwao. Nakuonea huruma, shoga."

Pimbi akawaza ngoma na vigelegele vya majabalini. Arudi siku ya tatu tu? Aseme nini, kwamba alipiga hodi vizuri mno?

Ijumaa ikafika. Saa sita kasoro, huko mwanzoni mwa korido: tapa... tapa... tapa... Karani Kobe anakuja. Namba saba, hodi, karibu, kaandika. Pimbi akaingia namba tisa na kifurushi cha halua.

"Kaka Kiboko, nimeona nisishindane nawe. Onja hii halua. Ila nakuomba, onja kidogo tu, nyingine tumbakizie Karani."

"Tumbakizie nani?"

"Karani Kobe. Anapenda halua sana. Na huyo yuko namba nane."

Jamani! Kiboko ambakizie mtu? Akafungua kinywa, PWAA! Akaitupia ndani halua yote, na karatasi yake, na kamba yake. Halua ikanata juu, ikanata chini, ikanata huku, ikanata kule.

Tapa... tapa... tapa. Kimya.

"Hodi!"

"Mmmh!" Kiboko macho pima.

"Itikia, kaka," Pimbi akamnong'oneza. "Wewe si mwenyeji?"

"Hodi, mara ya pili!"

"Mmmh! Mmmmmh!" Kiboko anatafuna, machozi yanamtoka. Tema basi! Hatemi! Donge likaanza kushuka kooni, gu... bu... Pimbi analifuata kwa macho. Likashuka tena kidogo, gu...

"Hodi, mara ya tatu!"

"KARIBU!" Pimbi akaruka juu kama kakanyaga kaa la moto. "Karibu, Karani Kobe! Karibu ndani, karibu kiti, karibu chumbani kwangu!"

Gubu! Donge likapita.

"KARIBU!" Kiboko akanguruma.

Karani Kobe akaingia, akavaa miwani, akalamba kalamu.

"Umechelewa," akamwambia Kiboko. "Umechelewa hata kwangu mimi, Kobe. Chumba namba tisa: Pimbi. Na wewe, bwana mkubwa, umeandikwa wapi?"

Hakuna mahali. Jioni ile abiria wa basi walisimama njia nzima, maana viti vyote vya nyuma alivikalia mmoja. Na huko namba tisa Pimbi na Kanga walirukaruka kitandani, boi, boi, boi, hadi wa chini wakagonga dari.

Funzo lake sasa, na mlishike sana enyi mnaokwenda kusoma ng'ambo: mgeni hana haki ya kuitikia. Nyamaza, vumilia, usibishane na aliyekutangulia. Na chakula cha mama yako mpe mwenyeji wako chote kwa mkupuo, hasa ikikaribia saa sita mchana.

Hadithi yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, ilambeni. Ikiwa imewanata kooni, mimi nilisema onjeni kidogo.