Njegere za Juzi

Katika habari za waja wema waliotutangulia inasimuliwa kwamba, nje ya mji wa Kufa, kule Iraki, aliishi mkulima mchamungu aitwaye Shuraihi, baba yake Harithi, Allah amrehemu, pamoja na mkewe, Bi Lubaba. Riziki yao ilikuwa njegere mbichi, na njegere, kama ajuavyo kila mpishi, hazingoji mtu. Ukizichuma leo ni tamu. Zikilala siku mbili huwa ngumu kama kokoto.

Shuraihi alikuwa na tabia iliyomchosha mkewe. Mnunuzi akishainama kuchota, yeye humzuia, akamweleza kwamba za upande huu zilichumwa juzi, na zile zina funza. Wanunuzi humshukuru sana, kisha wakaenda kwa jirani, ambaye njegere zake zilikuwa kuukuu zaidi ila yeye alijua kunyamaza. Bi Lubaba alishasema hata ulimi ukamkauka. Alimkumbusha mumewe kwamba hakuna aliyemuuliza. Naye humjibu kwa upole kwamba Mola atamuuliza, jibu ambalo lilimkera kupita yote.

Msimu mmoja Shuraihi akashikwa na homa, na nyumbani hapakubaki hata unga wa kuwakorogea watoto uji. Bi Lubaba akabeba kikapu mwenyewe. Chini alitia njegere za juzi, juu akapanga za asubuhi ile. Njia nzima alijiambia kwamba leo hatasema neno, na kwamba kunyamaza si kusema uongo.

Sokoni akamjia binti mmoja aliyetaka kikapu kizima. Babake alikuwa mgonjwa, meno hana, na chakula pekee kilichompita kooni ni njegere changa zilizopondwa. Bi Lubaba akamwambia azipekue kwanza, kama wafanyavyo wanunuzi wote.

"Hakuna haja, mama," akasema binti. "Nimeambiwa ni za nyumba ya Shuraihi. Za nyumba hiyo hazipekuliwi."

Hasira zikampanda Bi Lubaba, si kwa binti, bali kwa mume aliyelala kitandani na bado akamfuata mpaka sokoni. Akashusha pumzi.

"Astaghfirullah. Za chini ni za juzi, mwanangu. Baba yako hataziweza. Chukua hizi za juu."

Binti akachukua za juu, akamwombea dua, akaenda zake. Zilizobaki hazikupata mtu. Bi Lubaba akanunua unga kidogo, akarudi na zile ngumu, akazitia chunguni na kuchochea moto mpaka alasiri, amenuna.

Shuraihi akamuuliza habari za soko.

"Umeniharibu, Abu Harithi," akasema mkewe. "Sasa hata kunyamaza siwezi."

Mumewe akasema alhamdulillahi, na hilo nalo likamuudhi. Akawapakulia watoto, wakala wakashiba.

Ndugu zangu waumini, msidhani waja wema walitenda mema kwa tabasamu kila siku. Bi Lubaba alikunja uso mpaka adhana ya Magharibi, nasi tunatumai kwa Mola wetu Mkarimu kwamba amali yake imeandikwa kamili, bila kupunguzwa kitu.