Bi Pimbi na Ngoma ya Mafuriko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika ugali na kununiana kama watu, palikuwa na nchi mbili zilizokunywa maji ya mto mmoja. Ya juu, huko milimani, ilikuwa ya Mfalme Nyati. Ya chini, bondeni, ilikuwa ya Mfalme Tembo. Mpakani palikuwa na kilima cha mawe, na huko aliishi Bi Pimbi.

Mnamjua pimbi, wanangu? Mnyama mdogo tu, hazidi sungura. Mkia hana, pembe hana. Lakini mdomo, ah! Mdomo alikuwa nao.

Masika fulani mto ulifurika. Ulianza kwa Nyati, ukabomoa maghala yake, kisha ukashuka bondeni, vuuuu! Kule chini mvua haikuwa imedondoka hata tone, watu wamejikalia barazani wakipunga upepo. Maji yakabeba nyumba. Yakambeba na mtoto wa Mashavu, mdogo wake Bi Pimbi aliyeolewa bondeni. Mtoto hakuonekana tena.

Maji yalipopungua, wafalme wakagombana.

"Nirudishie nguzo za maghala yangu zilizoelea mpaka kwako!" Nyati akadai.

"Nguzo? Maji yako yameniulia raia, nawe wadai nguzo!" Tembo akajibu.

Wakaapa kutosemezana.

Masika mengine yakakaribia. Bi Pimbi alijaribu kwanza njia iliyonyooka. Alikwenda kwa Nyati.

"Shikamoo, Mfalme. Wewe ndiye wa kwanza kuuona mto ukipanda. Ukipiga ile ngoma yako kubwa, walio chini watakimbia."

"Ebo! Nimpigie Tembo ngoma? Mimi mtumishi wake?"

Akashuka kwa Tembo. "Shikamoo, Mfalme. Njooni muweke akiba ya chakula kilimani kwangu. Nafasi ipo."

"Nipande kilima kwa kuogopa maji ya Nyati? Nichekwe? Nenda zako!"

Bi Pimbi akarudi kwake amechoka. Akamkuta Mashavu amekuja kumtembelea, mtoto aliyebaki yumo mgongoni. Mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea, lakini mama yake hakumteremsha hata mara moja. Bi Pimbi aliona hilo, moyo ukamchoma.

"Wakubwa hawa hawasikii la heri," alisema. "Basi watasikia la shari."

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Nyati, anahema kama aliyekimbizwa.

"Mfalme, nisamehe, sipendi umbea. Lakini Tembo anasema mto hujaa mpaka mlangoni kwako nawe unakoroma tu. Na ngoma yako, eti, haivuki hata kijito. Kelele za debe."

"Debe!" Nyati akapiga kwato, ndi! "Debe, mimi? Mwambie, kila mto utakapogusa lile jiwe jeusi kivukoni, nitaipiga ngoma hii mpaka masikio yake yale makubwa yazibe!"

Akaweka mlinzi kivukoni siku hiyo hiyo.

Bi Pimbi huyo, mbio bondeni.

"Mfalme Tembo, mengine hata hayasemeki."

"Sema!"

"Nyati anasema umenenepa mno. Eti akianza kupiga ngoma, huwezi kufika kilimani kabla mikono yake haijachoka. Na ukijitwika chakula cha nyumbani kwako, utazimia njiani."

"Nizimie? Mimi?" Tembo akavuta pumzi, nyasi zikalala. "Mke wangu! Watu wote! Fungasheni vikapu! Ngoma ikilia, nchi nzima inapanda!"

Basi, wanangu, ikawa ndiyo kazi. Mvua ndogo ikinyesha milimani, mto ukigusa jiwe, ngoma inalia, tindi! tindi! tindi! Bondeni watu wanajitwika vikapu vya mtama, wazee wanashikwa mkono, watoto wanabebwa, wanapanda. Siku ya kwanza waligongana njiani, wakaangushana. Baadaye kila mtu alijua anapopita na nani anamshika nani. Vikapu vilipoonekana vizito kuvirudisha kila mara, waliviacha vingi kilimani.

Lakini mchezo ukizidi huchosha. Mchana mmoja jua lilikuwa linawaka bondeni, Tembo yuko mbele ya sinia. Ngoma ikalia. Tinditindi! Tinditindi! Safari hii haikupumzika.

"Leo siendi," Tembo akasema. "Huyu ananichokoza. Njaa inaniuma."

Watu wakamtazama mfalme wao, nao wakaketi.

Bi Pimbi alikuwa kilimani, na kutoka juu aliuona mto: mwekundu, umebeba miti mizima mizima. Akashuka mbio hadi kwa Tembo. Njiani aliwaza, nimwambie kweli? Ataanza kuuliza, na maji hayangoji maswali.

"Mfalme!" akapiga kelele. "Nyati amesema leo lazima utashindwa! Eti ukishaketi mbele ya sinia la ugali, basi, huondoki!"

"Ala!" Tembo akaruka, tonge mdomoni. "Twendeni! Wote!"

Wakapanda, ti! ti! ti! Mashavu alitangulia, mtoto mgongoni. Wa mwisho alipokanyaga mawe ya kilima, maji yakaingia bondeni, vuuuu! Sinia la Tembo wakaliona likielea na kupotea.

Jioni ile Nyati naye akafika kilimani na watu wake, wamejaa tope. Mlima ulikuwa umeporomoka na kuyafukia maghala yao yote.

"Ulidhani sitafika?" Tembo akamwambia. "Nimefika, na wewe ukiwa bado unapiga!"

"Kumbe uliisikia! Na ulisema ni debe!"

"Nilisema lini? Wewe ndiye uliyesema nimenenepa!"

"Mimi? Hata siku moja!"

Wakatazamana. Kisha wakageuka taratibu. Bi Pimbi alikwisha kuingia katika ufa wa jiwe, imebaki pua.

"Toka!" wakanguruma.

"Nitajibu nikiwa humu humu," akasema. "Ndiyo, nilidanganya. Matusi yale yote niliyatunga mwenyewe. Nilipokuja na kweli mlinifukuza."

Tembo akanyoosha mkonga kuelekea ufa. Mashavu akasimama mbele yake, mdogo kama ngumi.

"Mkimtoa dada, mnitoe na mimi. Masika yaliyopita sikupata hata cha kuzika. Leo mwanangu huyu hapa."

Mkonga ukashuka. Tembo akawatazama watoto wa Nyati wakitetemeka kwa njaa. Mkewe hakungoja amri, alishafungua vikapu na kuinjika chungu.

"Kula, ndugu yangu," Tembo akasema hatimaye. "Tope likikauka, watu wangu watakuja kufukua."

"Na ngoma," Nyati akajibu, "nitaipiga bila kutukanwa."

Wakala sinia moja. Bi Pimbi alitoka kwenye ufa chungu kilipokaribia kwisha, akajipakulia.

Wanangu, mafuriko hayajui mpaka. Jirani amwonye jirani mapema, na amlishe baadaye.